Mbuzi Hashuki

Bibi yangu Arlys ana miaka sitini na nane, na kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa mbuzi. Yaani yeye ndiye anayemchezesha Gus, mbuzi wa kitambaa wa kipindi cha watoto kwenye kituo kidogo cha televisheni hapa mjini Duluth. Hukaa chini nyuma ya ua wa mbao, mkono wa kulia juu ndani ya Gus, macho kwenye kiskrini kilicho magotini ili aone Gus anavyoonekana. Nilijaribu nyumbani kwa soksi. Dakika nne tu, bega likawaka moto.

Sheria yake ni moja: mbuzi hashuki mtoto yeyote akiwa bado studioni.

Baada ya Bibi kufanyiwa upasuaji wa bega hilo la kulia, Bwana Halvorsen, mkuu wa kipindi, alimwambia bila kuficha kwamba akimaliza rekodi nzima bila kushusha mkono, kazi bado ni yake. Akishindwa, Gus atapewa mtu mwingine. Siku ya jaribio hilo tulikwenda wote: Mama, mimi na mdogo wangu Emmett, ambaye ana miaka minne na hajui kwamba Gus ni Bibi. Aliambiwa tu kwamba Bibi atakuwepo.

Tukavua buti za theluji mlangoni kama wengine, tukaketi na soksi zetu. Gus alikula kofia ya mtoto mmoja, akapiga chafya, akabishana na karoti. Watoto walicheka hadi wakagaragara. Mimi nilikuwa natazama shingo ya mbuzi tu. Haikulegea hata mara moja.

Taa ya rekodi ikazimwa, watu wakaanza kutoka. Emmett akaenda zake moja kwa moja kwenye ua.

"Gus, umemwona Bibi yangu? Buti zake nyekundu ziko mlangoni. Yeye hayupo."

Mama akanitazama. Hakuna aliyekumbuka kuzificha zile buti. Akainuka amchukue Emmett, lakini Gus akamtikisia kichwa: mwache.

Ndevu za mbuzi zilishaanza kutetemeka. Bwana Halvorsen alikuwa amesimama pale amekunja mikono. Gus akalaza kidevu chake begani kwa Emmett. Nikajua mkono umechoka; Emmett alidhani anaambiwa siri.

"Mwenye buti hizo namjua," Gus akasema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Theluji yote hii, atakwenda wapi bila buti? Kazilinde."

"Na asipokuja?"

"Basi rudi. Mimi nipo hapa hapa."

Emmett akafikiri, kisha akatoka. Mlango ulipofungwa ndipo Gus aliposhuka. Bibi akatokea nyuma ya ua, jasho limemlowanisha, ameubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto kama kitoto kichanga. Bwana Halvorsen akamwambia amepitisha muda kwa dakika tisa.

"Mtoto alikuwa bado ana swali," Bibi akajibu.

"Jumanne, Arlys. Saa tatu asubuhi." Bwana Halvorsen akaenda kuzima taa.

Mlangoni Emmett alikuwa amezipakata buti zote mbili. Akamgombeza Bibi kwamba amekosa kila kitu, hata ile kofia. Bibi akamwomba radhi, na kwa kuwa mkono haukunyanyuka, akamwachia Emmett amvishe. Akamvisha ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Bibi akatembea hivyo hivyo mpaka kwenye gari.