Maganda ya Risasi Kwenye Mizani

Siku moja ipo, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka moto, na mimi hapa ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Kaa vizuri nikusimulie. Na hiyo simu iweke chini kwanza, haitakimbia.

Nilikuwa darasa la sita hapa Mbale. Vita vilikuwa vimepita. Wanajeshi waliotutawala miaka ile walikuwa wamekimbilia kaskazini, na wanajeshi wengine wameingia. Shule yetu, ambayo jina lake tuliache maana baadhi ya walimu wake bado wako hai, ilikuwa imeporwa mpaka bawaba za milango. Madawati watu walikwisha kuyafanya kuni. Lakini tulibaki na Mwalimu Mafabi wa sayansi. Yule bwana ukimwuliza kwa nini chai inapoa haraka ukiimimina kwenye kisahani, hakujibu. Alisema tu, "Tupime." Ukimwuliza malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakunywa maji kiasi gani yakilowekwa, "Tupime." Wallahi, tulipima kila kitu katika mji huu. Nilikuwa nikirudi nyumbani Nabuyonga namwuliza mama maswali mpaka ananifukuza jikoni na mwiko.

Muhula wa pili ikaja barua. Shule za msingi za Mbale na Jinja zitashindana sayansi huko Jinja, kila shule ilete timu ya watoto wanne. Swali lilikuwa moja kwa wote: udongo wa kwenu na udongo wa Budondo, upi unashika maji zaidi? Budondo ni huko mashambani Jinja, na udongo wake tuliletewa kwenye mfuko wa unga.

Swali tamu hilo, bwana! Unapima udongo mkavu, unaumwagia maji, unauacha uchujike kwenye kitambaa, kisha unaupima tena. Uzito uliozidi ndio maji yaliyobaki ndani. Sasa mizani iko wapi? Imeporwa. Tukatengeneza yetu kwa fimbo, kamba na makopo mawili ya samli. Na mawe ya mizani je? Hapo ndipo mimi Mariamu nikajitia akili nyingi. Mji ulikuwa umejaa maganda ya risasi. Watoto tuliyaokota, tukayapuliza yakalia kama filimbi. Urefu wake mmoja, unene wake mmoja, yote yamechakaa na kuwa rangi ya masizi. Nikasema, "Tuyatumie haya." Mwalimu Mafabi akapiga makofi. Tukajaza mikebe miwili, mmoja wa maganda tuliyookota karibu na kambi, mwingine wa yale ya barabara iendayo mji wa Kumi. Nikafanywa kapteni, na kichwa kikanivimba hasa. Kisha tukaambiwa utaratibu wa mashindano: mbele ya waamuzi anasema kapteni peke yake, wengine wanafanya kazi kimya.

Katika timu walikuwemo wavulana wawili, Musa na Wafula, na msichana mmoja, Zaitun. Zaitun alikuwa Mnubi. Wanubi ni wajukuu wa askari waliotoka Sudani enzi za Waingereza, Waislamu kama sisi, na Kiswahili wanakijua tangu utoto. Baba yake alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, na alikimbia na wenzake. Mama yake alibaki mjini anasuka vikapu vya rangi. Watu walikuwa na machungu, mwanangu, na machungu yale waliyamwaga kwa yeyote aliyekuwa karibu. Wazazi wa shule wakaunda kamati, wakasema hawataki mtoto wa askari akae darasani na watoto wao.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mkali lakini mwenye huruma, akatuita sisi wanne ofisini. Akasema, "Kamati inakutana Alhamisi baada ya mashindano. Mkirudi na kikombe, nitawaambia huyu Zaitun ndiye mmoja wa waliokileta. Mkirudi mikono mitupu, sitakuwa na la kuwaambia." Zaitun alitazama sakafu. Mimi nikasema, "Tutashinda, mama." Ulimi hauna mfupa, nakwambia.

Wiki tatu tukapima. Karatasi kubwa ya manila ikajaa hesabu zangu kwa wino wa bluu, nimezipigia mistari kwa rula. Udongo wetu wa mlimani ulikuwa unashinda, tena tulifurahi maana ni wetu. Zikabaki siku mbili twende Jinja. Mwalimu Mafabi alikuwa ameenda kutafuta basi. Zaitun akaja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.

"Mariamu, hebu tazama," akasema. Akaingiza sumaku kwenye mkebe wa kwanza. Maganda yakairukia, tak, tak, tak, yakaning'inia kama popo. Akaingiza kwenye mkebe wa pili. Kimya. Hata moja halikusogea. Wavulana wakaacha kazi wakasogea. Na mimi, nikwambie kweli, kitu kilinicheza kifuani, ile hamu ya kujua. Nilitaka kuishika ile sumaku nijaribu mwenyewe.

"Haya ni ya chuma, na haya ni ya shaba," Zaitun akasema. "Jeshi moja liliacha haya, jeshi jingine likaacha haya. Nimepima kumi kwa kumi, fimbo inainama. Sisi tumeyachanganya. Hesabu zetu zote si sawa."

Mwanangu, nilitazama ile karatasi ya manila. Wiki tatu! Na wazo la maganda lilikuwa langu mimi. Badala ya kusema tupime, nikamwambia, "Umeyajulia wapi mambo ya risasi? Ah, nimesahau, kwenu ndiyo mchezo wenu." Musa akacheka. Zaitun akaiweka sumaku mfukoni, akachukua kitambaa, akaendelea kuchuja udongo. Nikawaambia wavulana, "Mwalimu asisikie upuuzi huu." Na kweli hakusikia.

Jumamosi tukapanda basi alfajiri. Kwenye kizuizi cha barabara askari akafungua mkebe, akatumbua macho. "Nini hii?"

"Mizani ya watoto, afande," Mwalimu Mafabi akajibu, jasho linamtiririka. "Wanapimia udongo."

"Udongo? Onyesha."

Basi zima likatungoja hapo kando ya barabara, tukamfungia afande mizani, tukampimia udongo wa chini ya buti zake. Akachuchumaa anatazama kama mtoto. "Kumbe!" akasema, akaturuhusu. Zaitun, mtoto wa askari aliyekimbia, ndiye aliyeyapanga maganda mbele ya yule afande, na hakuangusha hata moja.

Ukumbi wa Jinja ulijaa. Mwamuzi wetu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mwalimu wa chuo. Akasoma karatasi yetu, akatabasamu, nikajiona nimefika. Kisha akashika ganda moja, akaligeuzageuza.

"Kapteni, mmejuaje kwamba yote yana uzito mmoja?"

"Yanafanana, mama."

"Yanafanana," akarudia. Akatuambia tupime udongo wa Budondo kwa mkebe wa kwanza. Maganda ishirini na mawili. Akatuambia tupime udongo uleule kwa mkebe wa pili. Ishirini. Ukumbi ukaangua kicheko. Wafula akataka kulia. Mimi nikayahesabu upya, yakawa yaleyale.

Yule mama akanyoosha mkono watu wanyamaze. Hakuwa amekasirika, alikuwa na hamu ya kujua kweli. Akaniuliza, "Kati yenu, hakuna aliyeliona hili kabla? Maana timu iliyoliona kosa lake mwenyewe, kwangu mimi hiyo ni timu ya kikombe."

Nikamwona Zaitun. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika sumaku. Alinitazama mimi, kwa sababu utaratibu ni kapteni ndiye anayesema. Alikuwa anangoja nimpe ruhusa tu. Neno moja! Ningesema, "Zaitun aliliona," basi. Lakini ningesema hivyo, ningeulizwa kwa nini halikuandikwa, na ukumbi mzima ungejua kwamba mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Nikasema, "Hakuna, mama."

Zaitun akatoa mkono mfukoni. Kikombe kikachukuliwa na shule ya Jinja.

Njiani kurudi nilikaa kiti cha nyuma, mbali na Zaitun. Jumatatu nikajisemea nitamwambia mwalimu kesho. Jumanne nikajisemea kesho. Jumatano nikaumwa tumbo, la uongo kisha la kweli. Alhamisi kamati ikakutana, na Ijumaa mahali pa Zaitun darasani pakawa patupu. Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Mafabi nikamwambia yote, nalia mpaka kamasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanichapa. Heri angenichapa. Akaniambia, "Mariamu, kwa kukosea hesabu sikuoni na hatia, mimi mwenyewe nilikuwepo na sikugundua. Lakini uliulizwa swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo, na ukaona afadhali mwenzako apotee kuliko wewe uaibike. Hilo sijui nilipime kwa mizani gani." Akavaa koti, akaenda kwa mwalimu mkuu. Wakawafuata wazee wa kamati nyumba kwa nyumba. Wengine wakasikitika, wengine wakasema neno limekwisha kupita. Siku nne za kunyamaza kwangu ndizo zilizoharibu. Laiti ningesema kabla ya Alhamisi!

Mwalimu akanipeleka kwa kina Zaitun. Mama yake alikuwa anafunga vikapu kwenye magunia. Walikuwa wanahamia Bombo, mji wenye Wanubi wengi, kwa ndugu zao. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha, maneno niliyoyapanga njia nzima yakanitoka hovyo hovyo. Mama yake akaendelea kukaza kamba za magunia. Zaitun akanisikiliza mpaka mwisho, kisha unajua aliniuliza nini?

"Na mwishowe ni udongo upi?"

Nikasema, "Nini?"

"Upi unashika maji zaidi? Mliyatenganisha maganda mkapima upya?"

Yarabi! Amefukuzwa shule, nyumba yao iko kwenye magunia, na mimi niliyemfanyia hayo niko mbele yake, naye anataka kujua jibu. Wala sikuwa nalo. Wiki nzima nilikuwa naililia aibu yangu, na hata siku moja sikujiuliza jibu la swali lenyewe.

Mwalimu Mafabi akatazama jua, akasema, "Tupime." Tukaleta mizani na udongo kwenye ua wao. Zaitun akatenganisha maganda kwa sumaku, mimi nikachuja, mama yake akaacha magunia akaja kushika fimbo. Alikuwa bado hanisemeshi, lakini alishika. Tukapima mara tatu. Udongo wa Budondo ndio ulioshinda, si wetu. Zaitun akacheka kwa furaha, akasema, "Nilijua!" Halafu akajirudi, "Hapana, sikujua. Sasa ndiyo najua." Kesho yake wakapanda basi. Sijamwona tena mpaka leo, na nimeuliza kwa kila Mnubi ninayekutana naye.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukifanywa kiongozi wa watu, hata wawe watatu tu, mdomo uliopewa ni wa wote. Mwenzako akikuonyesha kosa lako, usiulize ametoka wapi wala ni mtoto wa nani. Shika alichokileta, kitazame, kijaribu. Ukiona haya, ona haya siku hiyo hiyo, mbele ya watu hao hao, wakati bado inamsaidia mtu. Mimi nilisema kweli yangu siku moja baada ya kamati, na siku ile moja Zaitun aliilipia kwa shule yake. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usikae unajililia mpaka ukasahau kuuliza jibu lenyewe ni lipi.

Mungu akupe macho ya kuona na wenzio wa kukuonyesha usichokiona. Akulainishie ulimi siku utakapoulizwa mbele za watu. Na yule Zaitun, popote alipo, kama ana watoto, Mungu awape walimu wanaowasikiliza. Amina. Haya, inuka uende, wenzako wanakungoja.