Mume Wangu Alisema Mwaka, Mimi Nikamwambia Mama Kumi

(Aliyeandika ni msomaji wetu wa huko Bagamoyo. Jina lake tunalo sisi, na kwetu halitoki.)

Wasomaji wenzangu, salaam. Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina mume na watoto wawili, na kwetu ni Kiwangwa. Ukurasa huu nausoma kila gazeti linapofika dukani, nikiwacheka wenye mambo yao. Leo zamu yangu, nichekeni. Najua anayetujua atanitambua, maana pikapu kijijini kwetu ni moja tu, lakini kifua kimejaa na sina wa kumwambia.

Mume wangu ni dereva. Udereva aliupata jeshini wakati wa vita, na aliporudi akapata kazi ya lori kwenye shamba la mkonge, mbali sana. Nyumbani alikuwa akija mara moja moja, analala kidogo, anakwenda zake. Mtoto wetu wa pili kila akimwona alikuwa akikimbia, akidhani mgeni. Mie nilichoka, jamani. Kulala peke yangu kama mjane na mume ninaye, nilichoka.

Basi mama yangu, ambaye yeye ndiye mjane wa kweli na ana shamba kubwa la mananasi, akasikia kuna pikapu kuukuu inauzwa Bagamoyo mjini. Akasema akiinunua, mananasi hayatamwozea tena, na mkwewe ataacha mkonge aje aiendeshe. Nilifurahi mpaka chakula hakikupita. Ila mama akataka kwanza mume wangu akaikague, aseme injini itadumu muda gani.

Sasa, kwetu mama na mkwewe hawasemezani, ndiyo heshima. Wakikutana njiani mama hujitanda kanga usoni akapita pembeni, na mume wangu huinamisha kichwa. Likiwapo neno, linapita kwangu. Tangu niolewe mdomo wao ni huu wangu, na wote wawili wananiamini.

Mume wangu akaenda, akaifungua, akaiwasha, akaisikiliza weee. Aliporudi akaniambia, "Mwambie mama, injini kuukuu haiulizwi ina miaka mingapi, inaulizwa imefanya kazi gani na ilikuwa mikononi mwa nani. Hii ilikuwa ikibeba chumvi, na rejeta ikitiwa maji ya kisima cha pwani, imeliwa na kutu. Oili inakunywa. Tukiipakia kidogo na kuitunza, itafika mwaka, labda na miezi kidogo. Akiijaza mananasi mpaka juu, masika haiyaoni. Mwambie asinunue."

Nikaenda kwa mama. Njia nzima nayarudia maneno yale niyafikishe kama yalivyo. Wallahi nilikusudia. Nikamkuta ameshavua bangili zake za dhahabu, kazifunga kwenye kitambaa tayari kwenda kuziuza. Akaniuliza, "Haya, mkwe wangu kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema nunua, mama. Injini nzima kabisa, miaka kumi haina neno."

Ningesema shetani alinipitia, lakini shetani wa watu nitamsingizia bure. Nilitaka mume wangu alale nyumbani.

Mama akanunua. Mume wangu nikamwambia mama kaamua kubahatisha tu. Akatikisa kichwa, akasema mali ni yake, akaacha mkonge akaja. Mama naye alipoanza kupakia, akaijaza mpaka matairi yakalala. Mume wangu akaniambia, "Mwombe mama tupunguze mzigo, injini inalia." Ningempelekeaje mama neno hilo, na injini ni ya miaka kumi? Sikuenda hata. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakaa kidogo, nikarudi nikasema, "Mama hataki."

Gari halikufika hata masika. Lilizimika mchangani njia ya Bagamoyo, moshi umetanda, na mama yuko nyuma juu ya mananasi yake, maana mbele hawezi kukaa na mkwewe. Wapita njia wakasukuma, hawakutosha. Mama yangu, mtu mzima yule, akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akasukuma, na mkwewe kashika usukani! Mume wangu alipofika nyumbani alikaa kitandani akalia. "Nimesukumwa na mama mkwe wangu," akasema. "Uso huu niuweke wapi?" Mie nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, nikatamani ardhi inimeze.

Fundi amekuja kutoka mjini, kasema injini imekufa, haitengenezeki. Mama akaniita. "Mumeo ama si dereva, ama kanidanganya makusudi apate gari la kuchezea. Mtu wa namna hiyo simtaki kwa mwanangu." Amempelekea habari mjomba wangu wa Miono aje atukalishe wote, na mimi nidai talaka. Mume wangu kwa upande wake anamsifu mama! Ati, "Nilimkataza akanunua, nikamwomba apunguze mzigo akakataa, na gari limekufa hajanitupia hata neno. Mama yako ana moyo."

Nimejaribu kusema, sithubutu. Nikimkabili mama, naona mikono yake mitupu. Nikimkabili mume wangu, naona atarudi mkonge, na safari hii haji tena.

Mjomba anakuja akimaliza kupanda mpunga wake. Mume wangu habari za kikao anazo, ila anadhani ni cha kuulizana mambo ya gari tu, na hana wasiwasi hata chembe. Jana nimemkuta anapiga pasi kanzu yake huku anaimba. Nikamuuliza kama haogopi. Akacheka.

"Niogope nini? Wakiniuliza nitasema niliyoyasema. Wakikataa kuniamini, si wewe upo? Wewe ndiye uliyeyapeleka."

Jamani, mjomba yu karibu kuja. Nishaurini, mwenzenu nifanye nini?