Mikono ya Libère

Mwaka 1991 babu yangu, Mzee Munyaneza, alipooza upande wa kulia. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini, Kigali hadi Mombasa, ndiyo maana nyumbani kwetu Gitega, mtaa wa Kigali, Kiswahili hakikutuishia mdomoni. Aliyemtunza ni shangazi Athanasie, fundi cherehani, ambaye pia ndiye aliyetulisha sote.

Mwanzoni alitaka kufanya yote mwenyewe. Alimwogesha alfajiri, akakimbilia kazini, akarudi mchana kumgeuza. Siku moja alimkuta sakafuni. Mzee alikuwa ameanguka tangu asubuhi, hana sauti ya kuita. Wiki hiyohiyo shangazi akamwajiri Libère, Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, aliyewahi kuhudumia wagonjwa kwenye zahanati ya masista.

Babu akageukia ukuta. "Umeniletea mtu wa kulipwa anioshe? Nilizaa watoto wa nini?"

Majirani nao wakanong'ona kwamba Athanasie amemkodia baba yake mtoto. Maneno yakamchoma. Baada ya wiki tatu akamwomba Libère radhi, akamwachisha kazi.

Siku ya nne, akimgeuza babu mbiombio, babu akauliza, "Yule Mrundi yuko wapi?"

"Si ulimkataa, baba?"

"Nilimkataa kwa aibu. Lakini mikono yake haina haraka. Wewe unanigeuza, roho iko kwenye cherehani. Hata kuzungumza na wewe sipati tena. Mwite arudi, mwanangu. Wewe uje ukae tu."

Shangazi alilia huku ameshika taulo. Kesho yake akaenda mwenyewe kumwita.

Hapo ndipo nyumba ikawa na furaha nitakayoikumbuka maisha yangu yote. Asubuhi Libère alimwogesha Mzee, akamnyoosha vidole kimoja kimoja, huku wakibishana Kiswahili cha nani ni safi, cha Buyenzi au cha pwani. Vicheko vilifika barabarani. Saa kumi shangazi alirudi, akaketi kando ya kitanda na bakuli la uji wa mtama, na babu akampitisha kwa maneno njia yake yote ya lori: Kabale, Masaka, Malaba, Nakuru, Voi. Shangazi hakuwahi kuvuka mpaka, lakini aliijua kila hoteli ya madereva na chai yake.

Jirani mmoja alipomchokoza tena, alimjibu taratibu, "Kumwogesha nimemwachia Libère. Kumsikiliza ni kwangu."

Babu alifariki Februari 1993, asubuhi, kabla ya chai. Shangazi na Libère walimwosha pamoja kwa mara ya mwisho. Kwenye matanga shangazi alimketisha Libère kwenye mkeka wa wanafamilia, na hakuna aliyeuliza kitu.

Miezi michache baadaye Libère alirudi kwao. Mwaka uliofuata, 1994, mauaji ya kimbari yakaivunja Gitega ile, na wengi wa majirani wale sikuwaona tena. Shangazi sasa anaishi Niboye, mtaa mwingine wa Kigali. Nikimuuliza kuhusu miaka ile, husema tu kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kumfahamu baba yake. Zamani Mzee alikuwa safarini siku zote.