Kabati Lililokatwa Katikati

Wenzake kazini walimwita Tabasamu, kwa sababu hakuwa nalo. Alisimama mlangoni mwa ndege, sare imenyooka, akisema "Karibu sana" kwa uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Lakini adabu alikuwa nayo tele, na hakuna abiria aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Sauti aliipandishia nyumbani. Mumewe na wanawe walikuwa mashahidi.

Asubuhi hiyo, ndege ilipotulia angani, kengele ya mzee mmoja wa kiti cha dirishani ililia. Alikuwa seremala mstaafu, kavaa koti lililomzidi mabega, viganja vimeng'ang'ania magoti.

"Mwanangu, tutafika kwa wakati?"

"Ndiyo, baba. Kwa wakati kabisa."

"Haiwezekani tukachelewa kidogo?"

Tabasamu alisema atamwuliza rubani. Hakumwuliza. Kengele ikalia tena: mzee anataka maji. Akaletewa, akayatazama. Ikalia tena: maji yaondolewe. Jirani yake, bwana mmoja wa tai aliyekuwa akihangaika na kompyuta, uvumilivu ukamwishia.

"Dada, huyu mzee atatutoa roho na kengele yake."

"Pole sana, kaka yangu. Nikuletee pamba za masikio?"

Kengele ilipolia tena, Tabasamu alimwachia mwenzake kitoroli cha vinywaji, akachuchumaa kwenye ujia.

"Baba, kuna kitu kinakusumbua, na si maji."

Mzee akatazama mawingu, kisha akalitoa la moyoni. Anakwenda kwa dada yake mkubwa, ambaye hawajasemeshana naye tangu mama yao alipofariki. Marehemu aliacha kabati. Dada akasema ligawanywe kwa haki. Yeye, kwa hasira, akachukua msumeno akalikata katikati, nusu yako, nusu yangu.

"Nusu yako unaifanyia nini?" bwana wa tai akauliza, kompyuta ameshaifunga.

"Siifanyii chochote. Vitu vinaanguka."

Juzi dada kapiga simu. Kasema neno moja tu, "Njoo," akakata. Sasa mzee hajui pa kuanzia.

Tabasamu alifikiri kidogo. "Haya. Mimi ni dada yako. Nimefungua mlango."

Akamkazia macho. Kwa kazi hiyo uso wake haukuhitaji matayarisho.

"Shikamoo, dada," mzee akasema, kijasho kinamtoka.

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Ujue, wewe mwenyewe ndiye uliyesema tugawane kwa haki..."

"Nimefunga mlango."

"Mzee, usianze na ubishi," akasema bwana wa tai. "Anza na samahani. Mimi mke wangu ndivyo alivyonifundisha."

Wakarudia. Mlango ukafungwa tena, mara kadhaa, hadi mzee akainamisha kichwa akasema polepole, "Dada, nilikosa. Kila nikiliona lile kabati naona aibu."

"Ingia ndani, mdogo wangu," akasema Tabasamu, akainuka kwenda kukagua mikanda, maana ndege ilikuwa inashuka.

Walipotua alimkuta mzee kwenye ukumbi wa kutokea, kasimama kama nguzo mbele ya bibi mfupi mwenye fimbo. Tabasamu akapunguza mwendo.

"Dada," mzee akaanza, "ujue, wewe mwenyewe ndiye uliyesema..."

Tabasamu akafumba macho.

"Nyamaza," bibi akasema. "Umekonda hivi, nani anakupikia? Lete huo mkoba."

"Mzito, dada."

"Nimesema lete."

Wakavutania mkoba pale mlangoni, abiria wakiwakwepa huku na huku, mpaka mzee akaanza kulia, na bibi akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Kisha akamwona Tabasamu katika sare.

"Mwanangu, huyu hakuwasumbua huko juu?"

"Hata kidogo, mama. Alitulia muda wote."

Akawaaga, akaenda kupanda basi la wafanyakazi, akavua viatu, akalala.