Uyoga wa Kwenye Gogo

Juzi mjukuu wangu, anayesomea dawa, alinionyesha uyoga mgumu aliobandua kwenye gogo bovu, akasema una kemikali inayozuia vijidudu vya vidonda. Niliona aibu. Nilisikia tena harufu ya mbao zilizolowa na mdundo wa kinu cha bibi yangu, Mkunya, alasiri moja ya utotoni mwangu alipokuwa akitwanga uyoga kama ule aupake mguu wangu uliotunga usaha.

Mwalimu wa kanisa akapita. Nami, niliyefundishwa kuogopa waganga, nikamkimbilia nikichechemea.

"Shikamoo, Mwalimu. Bibi ananifanyia uchawi."

"Ni uyoga tu, Mwalimu," bibi akasema, akanirudisha na kunipaka.

Wiki chache baadaye bibi alikalishwa benchi la nyuma, la waliokatazwa meza ya Bwana. Nilimpita na kwaya ya watoto, sichechemei tena, nikimshukuru Mungu kwa kuniponya mguu.