Siku Roboti Wawili Walipoambiana "Wewe"

Libuše Hrazdilová alitangaza treni katika stesheni ya Brno mpaka mashine ilipochukua kazi yake. Akabaki nyumbani akizungumza na birika. Ndipo vijana wa studio moja ya michezo ya kompyuta walipomwita: walihitaji sauti yake kwa ajili ya Šroubek, roboti mkongwe. Tangu hapo huamka akishukuru, na kila Alhamisi huja na kikapu cha kolache, maandazi yenye jamu ya plamu.

"Bi Hrazdilová, mtatuharibia matumbo," Otakar, mwongozaji, humwambia huku ameshika ya pili.

Kwetu Ucheki mtu huambiwa "ninyi" hata akiwa peke yake, hasa akiwa mkubwa. "Wewe" ni ya watu walioshibana, na aliye mkubwa ndiye huanza kuitumia.

Alhamisi moja ilifika zamu ya sehemu ya kuagana. Mgodi unaporomoka, Šroubek anashika mlango ili mwenzake Pérko, ambaye sauti yake ni ya kijana Radim, apate kutoka.

"Nataka kuikata sehemu hii," Otakar alisema. "Roboti hawana moyo, mchezaji atatucheka. Someni mara moja. Ikiwa baridi, inatoka."

Libuše alisogea kwenye maikrofoni. Bila kuagana huko, Šroubek angebaki mashine ya kufungulia milango tu. Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Karatasini iliandikwa: "Tokeni, Pérko." Mchezo mzima roboti hao walikuwa wakiambiana "ninyi". Libuše akavuta pumzi.

"Toka wewe, Pérko. Mlango nitaushika mimi."

Radim alipaswa kujibu, "Ninawashukuru." Badala yake akasema:

"Nakushukuru... nakushukuru wewe, Šroubek."

Libuše akavua spika za masikioni, uso umemwiva kwa aibu. "Nisameheni, ulimi umeteleza. Turudie."

"Msithubutu!" Otakar alipiga kelele nyuma ya kioo, kisha akaingia akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Si ulisema roboti hawana moyo?" Radim akamchokoza; wao wawili waliambiana "wewe" siku zote.

"Nyamaza wewe, kula kolache." Kisha akamgeukia Libuše. "Bi, mlikuwa mnamfikiria nani?"

"Šroubek, nani tena? Wamegawana mafuta, wamevutana matopeni. Leo amtoe mlangoni kwa 'ninyi', kama anamkatia tiketi?"

"Basi mliohisi ni ninyi," Radim alisema, "si roboti."

"Mimi? Ninyi kijana mpaka sasa nawaambia 'ninyi'. Walioambiana 'wewe' ni wale wawili. Msinisingizie!"

Otakar akaangua kicheko hadi akapaliwa na kolache, Radim akampiga mgongoni.

"Inabaki," alisema alipopata pumzi. "Kama ilivyo."

Libuše alimshika Otakar mkono kwa mikono yake miwili. Alitaka kumshukuru kwa kuagana kule, na kwa kumtoa kwenye mazungumzo na birika, ila alichoweza kusema ni, "Asanteni, asanteni sana." Akaomba maji. Ulikuwa umebaki mstari mmoja: Pérko ameshatoka, Šroubek yuko peke yake gizani na mlango mabegani.

Otakar akarudi nyuma ya kioo, taa ikawaka tena. Libuše hakuitazama karatasi.

"Nashukuru ulipita kwangu," alisema taratibu, akimtazama Otakar.