Kadi ya Msimamizi

Nilipokuwa mpagazi kwenye ghala la viazi karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, mjini Gisenyi, tajiri alimkatia bima ya afya msimamizi wetu peke yake. Sisi wengine tukiumia tulitibiwa kwa kadi yake, tukiitikia jina lake. Siku moja mwenzetu mmoja aliyetoka Bugeshi aliangukiwa na magunia kifuani. Tukampeleka na kadi ileile, akafa hospitalini kwa jina la msimamizi.

Baadaye msimamizi mwenyewe akaugua mapafu. Mapokezi walimrudisha: kwenye kompyuta alikuwa marehemu.

Tajiri alicheka mpaka akashika tumbo. "Bon, mutu mwenye alisha kufa hawezi gonjwa! Rudia magunia, mufu wangu."

Nasi tukacheka. Alibeba siku mbili akikohoa damu; ya tatu hakuja.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo. Naikumbuka Gisenyi kwa kile kicheko, na changu kilikuwamo.